Kokoto chini ya chungu ziliniozeshea mimea: tujadili namna ya kujaza na kupanga mimea kwenye vyungu na masanduku ya zege

Mkulima wa Roshani (Ntinda, Kampala), mleta uzi

Wanajamvi, nawasalimu nyote. Mwaka jana, mvua za mwezi wa nne zilipokolea, nilipoteza mimea 14 kati ya 20 niliyokuwa nimeipanda kwenye masanduku manne ya zege yaliyo mbele ya baraza langu. Haikufa kwa ukame wala kwa wadudu. Majani yalinyauka huku udongo ukiwa umelowa, nami kwa kutojua nikaongeza maji, nikidhani kwamba mmea unaonyauka ni mmea wenye kiu. Nilipofukua sanduku la kwanza kwa mwiko wa mwashi, nilikuta udongo wa juu uko salama, lakini kuanzia kina cha shibiri moja kwenda chini ulikuwa mweusi, unanata na unanuka kama mtaro, na mizizi iliyofika hapo ilikuwa laini, ikichunika kwa vidole. Chini ya tope hilo kulikuwa na kokoto safi, karibu kavu. Niliziweka mwenyewe, kina cha sentimita 15 kwa kila sanduku, kwa ushauri wa muuza miche aliyeniambia kwamba zitapitisha maji.

Kokoto kavu chini ya tope: hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Kama kokoto zinapitisha maji, kwa nini maji hayakushuka hadi kwenye kokoto? Jibu nililolipata, na ambalo sasa nimelijaribu kwa mikono yangu mara nyingi, ni kwamba udongo una vitundu vidogo vinavyoshika maji kwa nguvu kuliko nafasi kubwa zilizo kati ya kokoto. Maji yanaposhuka na kufika mahali ambapo udongo laini unakutana na kokoto, hayavuki mpaka tabaka la udongo lililo juu ya kokoto liwe limejaa kabisa. Kwa hiyo kila sanduku, liwe na kokoto au lisiwe nazo, huwa na ukanda wa tope chini ya udongo wake. Ukiweka kokoto huuondoi ukanda huo, unaupandisha tu juu ukaribie mizizi. Sanduku langu lina kina cha sentimita 45. Kwa kuweka kokoto nililigeuza kuwa sanduku la sentimita 30, na nikailipia hasara hiyo kwa fedha yangu.

Anayetaka kuthibitisha achukue sponji ya kuoshea vyombo, ailoweshe, ailaze kifudifudi juu ya kiganja hadi iache kudondosha maji. Kisha aisimamishe wima. Maji yataanza kudondoka tena, ingawa sponji ni ile ile na hakuna aliyeikamua. Chungu kirefu hujikausha vizuri kuliko chungu kifupi kwa sababu hiyo hiyo, na ndiyo maana bakuli pana lenye kina kidogo, ambalo wengi hulinunua kwa uzuri wake, ndilo gumu kuliko yote kulitunza wakati wa masika.

Sasa nasema kuhusu kujaza. Udongo mwekundu wa Kampala, ukiuchota shambani na kuumimina ndani ya chungu peke yake, hushindiliwa na mvua hadi ukawa kama tofali. Shambani udongo huo huo hupumua kwa sababu ya minyoo, mizizi ya zamani na kina kisicho na mwisho; ndani ya chungu hauna msaada huo. Mimi nachanganya makarai matatu ya udongo mweusi wa juu, makarai mawili ya mboji iliyoiva, makarai mawili ya maganda ya kahawa yaliyokwisha kuoza, na karai moja la chenga za makaa zinazobaki chini ya gunia kwa wauza makaa. Maganda mabichi ya kahawa siyatumii, kwa kuwa yanapooza ndani ya chungu hunyang'anya mmea naitrojeni na majani huwa ya njano. Chenga za makaa nazipenda sana: ni nyepesi, hazioziki, na zina matundu yanayohifadhi hewa. Lakini ni chenga ninazozisema, za ukubwa wa punje ya mahindi, na si majivu. Majivu mengi hupunguza uchachu wa udongo kupita kiasi.

Kuhusu mchanga nawaomba muwe waangalifu. Mchanga laini wa kupigia lipu, ukiuchanganya kidogo na udongo wa mfinyanzi, hujaza nafasi zilizobaki na kuufanya mchanganyiko kuwa mgumu zaidi kuliko ulivyokuwa mwanzo. Ukilazimika kutumia mchanga, tafuta ule wa chembe kubwa uliooshwa, na uuweke wa kutosha, si konzi mbili.

Mchanganyiko huo huo mmoja naujaza kutoka chini hadi juu bila tabaka. Juu ya tundu naweka kipande cha neti ya dirisha ili udongo usitoke, basi. Nikifika nusu namwagilia ili udongo ukae wenyewe, wala siushindilii kwa ngumi. Naacha sentimita 4 au 5 chini ya ukingo, maana chungu kilichojazwa hadi mdomoni hakimwagiliki: maji hukimbia pembeni, na mvua ya kwanza huitupa mbolea yako sakafuni.

Kuna jambo moja ambalo sijaona likisemwa, nalo ndilo lililoniulia mimea katika jaribio langu la pili, baada ya kokoto kuondoka. Miche tunayoinunua kandokando ya barabara hukuzwa ndani ya viriba, ile mifuko midogo ya plastiki, vilivyojazwa udongo mwekundu mzito. Ukichana kiriba na kuuweka mche ulivyo ndani ya mchanganyiko mwepesi, unakuwa umeweka tofali ndani ya sponji. Maji hupita kando ya bonge hilo yakaenda zake. Chungu kinaonekana kimelowa, huku mizizi yote, ambayo bado imo ndani ya bonge, ikiwa kavu. Wakati wa mvua mambo hugeuka, bonge hubaki limelowa siku nyingi baada ya pande zote kukauka. Siku hizi naloweka mche pamoja na kiriba chake ndani ya ndoo kwa nusu saa, kisha nachana kiriba chote, naondoa kwa vidole karibu theluthi moja ya udongo wa nje, nanyoosha mizizi iliyojizungusha na kukata ile iliyojisokota chini. Mche hunyong'onyea siku tatu nne, kwa hiyo naufanyia kazi hiyo jioni na kuuweka kivulini. Wiki mbili za kwanza namwagilia shinani mwa kila mche, polepole, si kwa kunyunyiza eneo lote. Nahakikisha pia kwamba shina halizami zaidi ya lilivyokuwa ndani ya kiriba.

Nikija kwenye kupanga, nataka niseme wazi msimamo wangu, na anayepinga anipinge: mimea ya sanduku moja ipangwe kwanza kwa kiu, pili kwa jua, na rangi ije mwisho. Sanduku lina udongo mmoja na kopo moja la kumwagilia. Ukiweka begonia na kangaga pamoja na mshubiri na sanseveria, huwezi kuwaridhisha wote. Ukimnywesha mmoja unamwozesha mwenzake. Mimi nina sanduku la wenye kiu, lenye koleasi, begonia na kangaga, na nina sanduku la wastahimilivu, lenye sanseveria, mshubiri na bogonvilia, ambayo kwa kweli huchanua vizuri zaidi inapobanwa maji kidogo.

Kuhusu jua, vitabu vingi viliandikwa Ulaya, navyo husema upande wa kusini wa nyumba ndio wenye jua. Kwetu hapa, ambapo Kampala iko kilomita 40 hivi tu kaskazini mwa mstari wa ikweta unaokatiza barabara ya Masaka pale Kayabwe, maneno hayo hayana maana. Jua la saa sita hupita utosini mwezi wa tatu na mwezi wa tisa. Kati ya hapo huelekea kaskazini hadi mwezi wa sita, kisha huhamia kusini hadi mwezi wa kumi na mbili. Baraza langu linatazama kaskazini. Kuanzia mwezi wa nne hadi wa nane masanduku yangu yanapigwa na jua, na kuanzia mwezi wa kumi hadi wa pili yamo kivulini kabisa. Nilikuwa nikidhani koleasi yangu ina ugonjwa kwa kuwa ilipauka mwezi wa saba na kukolea rangi mwezi wa kumi na moja. Kumbe ilikuwa inafuata jua. Anayepanda upande wa kaskazini au kusini apange mimea inayovumilia hali zote mbili, au atumie vyungu anavyoweza kuvihamisha mara mbili kwa mwaka. Upande wa mashariki ndio mpole kuliko zote, maana hupata jua la asubuhi mwaka mzima.

Ndani ya sanduku lililoegemea ukuta, mmea mrefu nauweka nyuma. Ndani ya chungu cha mviringo kinachoonekana pande zote, nauweka katikati. Mbele na pembeni naweka inayotambaa na kuteremka ukingoni, na kati yake ile ya kujaza. Naacha karibu shibiri moja kati ya mche na mche hata kama sanduku linaonekana tupu siku ya kwanza. Katika hali ya hewa yetu, baada ya miezi mitatu nafasi hiyo haipo tena.

Naomba wenye uzoefu, hasa wa nje ya Kampala, waongeze na wanisahihishe.

Mzee wa Nile (Jinja)

Binti yangu, nimekusoma mpaka mwisho na nimekuelewa, ila siwezi kunyamaza. Nimetunza bustani za watu hapa Jinja kwa zaidi ya miaka 30, na vyungu vyote nilivyovijaza vilikuwa na mawe chini. Si vyote vilivyooza, vingi viliishi. Mawe yana kazi ambayo hukuitaja. Upepo wa ziwani, ule unaotangulia mvua, huangusha chungu chenye mmea mrefu kama mtu aliyekisukuma kwa mguu. Chungu chenye mawe matatu makubwa chini hakianguki. Vilevile, chungu kilichowekwa moja kwa moja juu ya sakafu, tundu lake huzibwa na tope, na mawe husaidia maji yapate njia.

Nakubali jambo la udongo wa viriba. Hilo nimeliona mara nyingi, na nimekuwa nikilaumu mche.

Mkulima wa Roshani (Ntinda, Kampala)

Mzee wangu, heshima yako. Kuhusu uzito uko sahihi, na sikulifikiria kwa kuwa masanduku yangu ni ya zege. Kwa chungu chepesi cha plastiki chenye mmea mrefu, mawe matatu makubwa yana faida, mradi tujue kwamba tunayaweka kwa ajili ya upepo na tuchague chungu kirefu zaidi ili kufidia kina kilichoibwa. Nadhani tofauti kati ya vyungu vyako vilivyoishi na masanduku yangu yaliyokufa ni udongo: kama ulikuwa unatumia udongo uliojaa mboji, ukanda wa tope ulikuwa mfupi, na mizizi ilikuwa na pa kukaa hata kokoto zikiwepo. Udongo wangu wa kwanza ulikuwa mfinyanzi mtupu.

Kuhusu tundu kuzibwa, mimi nainua chungu juu ya vipande vitatu vya kigae, unene wa kidole kimoja. Hewa inapita chini, tundu linaonekana, na siafu wakianza kuhamia humo nawaona mapema.

Mzee wa Nile (Jinja)

Vipande vya kigae nimevipenda, nitavijaribu. Na kwa kweli nilikuwa natumia samadi ya ng'ombe kwa wingi sana, karibu nusu ya chungu, kwa hiyo huenda umenena.

Mwana wa Ziwani (Entebbe)

Nashukuru kwa uzi huu. Naongeza kuhusu visahani vinavyowekwa chini ya vyungu, kwa sababu naona watu wengi wakivinunua pamoja na chungu bila kufikiria. Kwanza, chungu kinachokaa ndani ya kisahani chenye maji kinarudishiwa kutoka chini maji yale yale kilichokwisha kuyatoa, kwa hiyo ukanda wa tope aliouelezea dada hauishi kamwe. Pili, kuna mbu. Mbu wa jamii ya Aedes hutaga kwenye vyombo vidogo vya aina hiyo, na katika joto letu yai linaweza kuwa mbu anayeruka kwa muda wa takriban siku 7 hadi 10. Sisi wa Entebbe hatuwezi kulichukulia jambo hili kwa wepesi: virusi vya Zika vilipata jina lake kutoka msitu wa Zika ulio karibu na hapa, ambako viligunduliwa mwaka 1947, na mbu wa jamii hiyo hiyo ndio wanaovieneza, pamoja na homa ya manjano. Kisahani kimwagwe maji na kusuguliwa angalau mara moja kwa wiki, maana mayai hushikamana kwenye kuta za chombo. Kama chungu kiko nje, usiweke kisahani kabisa.

Ninalo pia pendekezo la mmea wa nyuma. Wengi hununua mitende midogo ya bei kubwa, ilhali isale, ambalo katika nchi ya Buganda limetumika tangu zamani kuweka mipaka ya mashamba, linasimama vizuri ndani ya sanduku, linavumilia kivuli, na kipande cha shina lake kikichomekwa ardhini huota. Tembeeni katika Bustani ya Mimea ya Entebbe, iliyoanzishwa mwaka 1898, mtazame namna mimea ya kivulini inavyojipanga yenyewe chini ya miti: mirefu myembamba, kisha mipana, kisha inayotambaa. Mimi nilijifunza kupanga sanduku langu kwa kutazama pale, si kwa picha za kwenye simu.

Mteremko wa Elgoni (Mbale)

Je, kwa mboga mnasemaje? Nina nafasi ya saruji tupu nyuma ya nyumba, nataka sukuma wiki, nakati (mboga ya majani ya huku kwetu), mchicha na nyanya. Nina magurudumu manne ya gari na majerikeni ya lita 20 yaliyokatwa. Nimeambiwa niweke maganda ya matoke chini ya udongo yawe mbolea.

Mkulima wa Roshani (Ntinda, Kampala)

Ndugu wa Mbale, mboga zina njaa na kiu kuliko maua, kwa hiyo kina ndicho cha kwanza. Mchicha unaridhika na sentimita 15 hadi 20 za udongo. Sukuma wiki na nakati wape sentimita 25 au 30. Mnyanya mmoja upewe jerikeni lake zima la lita 20, peke yake, na tafadhali usijaribiwe kuweka miwili. Nimefanya hivyo, na nikapata majani mengi, nyanya ndogo zilizooza kitako kwa sababu ya maji kupungua na kuzidi kwa zamu. Jerikeni litobolewe matundu manne au matano chini, kila moja la unene wa kidole kidogo. Kama lilikuwa na dawa za kilimo au mafuta ya gari, usilipandie chakula hata ulioshe mara ngapi.

Magurudumu siyapendi kwa chakula. Raba yake ina kemikali nyingi, na ndani ya mkunjo wake hukaa maji yenye mbu ambayo huwezi kuyafikia. Kama unayo tayari, yapandie maua na ukate mkunjo wa juu.

Maganda ya matoke mabichi usiyaweke ndani ya chungu. Yanapooza hutoa joto na uchachu, huita inzi, na udongo unazama unapobaki shimo chini ya mizizi. Yakusanye kwenye rundo pamoja na majani makavu, uligeuze kila wiki mbili, na baada ya miezi mitatu hivi utakuwa na mboji nyeusi isiyonuka. Vivyo hivyo samadi ya kuku. Wafugaji wengi hapa hutandika maganda ya kahawa bandani, na mchanganyiko huo wa maganda na kinyesi ni hazina, lakini ukiwa mbichi huunguza mizizi. Chomeka mkono katikati ya gunia: ukisikia uvuguvugu, bado haijaiva.

Kwa aliye karibu na Kampala, kituo cha kilimo cha halmashauri ya jiji kilichoko Kyanja kina mifano ya mboga zilizopandwa kwenye magunia, makopo na meza. Kuona kwa macho kunafundisha haraka.

Kaskazini Kwetu (Gulu)

Ninyi wa karibu na ziwa mnaogopa maji, sisi tunaogopa jua. Huku Acholi kiangazi huanza mwezi wa kumi na mbili na kuendelea hadi mwezi wa tatu, upepo ni mkavu, na chungu cheusi cha plastiki kilichoegemea ukuta wa magharibi huchemka. Nimewahi kutia kidole udongoni saa tisa alasiri nikakitoa haraka. Mizizi iliyo karibu na ukuta wa chungu hufa kwa joto, na mtu hudhani ni ukosefu wa maji.

Nilichofanya ni mambo matatu. Nilipaka vyungu chokaa nyeupe kwa nje. Nilivisogeza pamoja, vikubwa upande wa magharibi na vidogo nyuma yake, ili kimoja kikifunike kingine kivuli. Kisha nilitandaza juu ya udongo maganda ya karanga, unene wa vidole viwili, bila kugusa shina. Maganda ya karanga hayana gharama huku, na yamepunguza umwagiliaji wangu kutoka kila siku hadi mara moja kwa siku mbili. Kwa mazingira yetu ningepunguza pia chenga za makaa katika kipimo chako, dada, na kuongeza mboji, kwa kuwa mchanganyiko wako ungenikaukia kabla ya jioni. Vyungu vya udongo wa kuchoma visivyopakwa rangi ni baridi zaidi, lakini hupoteza maji kupitia kuta zake, kwa hiyo ndani yake napanda wastahimilivu tu.

Baridi ya Kigezi (Kabale)

Sisi tuko juu ya mita 1,800, na usiku ni baridi. Krotoni niliyoileta kutoka Kampala ilidumaa mwaka mzima. Jirani zangu wanapanda pelagoni na fuksia vyunguni, nazo zinachanua bila kukoma. Ninachotaka kusema ni kwamba anayenunua mche aulize ulikuzwa wapi. Pia, kwa wenye ndugu Kisoro: yale mawe meusi mepesi yenye matundu, yaliyotoka kwenye volkano, yakivunjwavunjwa hadi ukubwa wa punje ya maharage yanafanya kazi ile ile ya chenga za makaa, tena hayasagiki.

Fundi wa Zege (Mukono)

Mimi si mtu wa maua, ni fundi wa ujenzi, na nimeingia kwenye uzi huu kwa sababu ya neno moja katika jina la mleta uzi: roshani. Dada, sanduku lako lina ukubwa gani, na limekaa juu ya nini?

Mkulima wa Roshani (Ntinda, Kampala)

Urefu mita 1, upana sentimita 40, kina sentimita 45. Yale manne yako chini, juu ya ardhi. Nilikuwa nimepanga kupandisha mawili kwenye roshani ya ghorofa ya kwanza mwezi ujao.

Fundi wa Zege (Mukono)

Basi tupige hesabu kabla hujapandisha. Ukiacha sentimita 5 juu, ndani mnaingia lita 160 za udongo. Mchanganyiko wako mwepesi ukilowa hauwezi kuwa chini ya kilo 1.3 kwa lita, na udongo mzito hufika kilo 1.8 au zaidi. Hiyo ni kati ya kilo 208 na kilo 288 kwa udongo peke yake. Ongeza sanduku lenyewe la zege, ambalo kwa ukubwa huo haliwezi kupungua kilo 100. Masanduku mawili ni sawa na kuwasimamisha watu wazima tisa hadi kumi na mmoja mahali pamoja, usiku na mchana, na si watu wanaopita. Roshani nyingi zimejitokeza nje bila nguzo, na mahali dhaifu kuliko pote ni ukingoni, pale pale ambapo kila mtu hutaka kuweka maua ili yaonekane barabarani.

Ushauri wangu ni huu: usipandishe zege. Tumia vyungu vya plastiki au masanduku ya mbao mepesi, viweke karibu na ukuta wa nyumba na si kwenye kingo, na mwulize aliyeijenga nyumba hiyo kabla ya kitu chochote kinachozidi uzito wa watu wawili. Angalia pia kama maji ya umwagiliaji yana njia ya kutoka. Maji yanayosimama juu ya zege yenye nyufa hufika kwenye nondo, na nondo ikipata kutu huvimba na kupasua zege kutoka ndani.

Mkulima wa Roshani (Ntinda, Kampala)

Ndugu fundi, nakushukuru kwa moyo wangu wote. Nilikuwa nimekwisha kuzungumza na vijana wa kubeba. Leo mchana nimeahirisha kazi hiyo, na kwenye roshani nitaweka vyungu vinne vya plastiki vya lita 20, vilivyoegemea ukuta. Ghorofa ile inatazama mashariki, kwa hiyo begonia na koleasi zitahamia huko, na sanduku la chini litakalobaki wazi nitalipandia isale nyuma na mimea inayotambaa mbele, kama alivyoshauri mwenzetu wa Entebbe.

Wa Gulu, nimekubali kwamba kipimo changu ni cha mahali penye mvua, na atakayekinakili kaskazini apunguze chenga kama ulivyosema. Wa Mbale, nikumbushe ukishatoboa majerikeni, kuna jambo la nafasi ya miti ya kuegemeza nyanya ambalo ni vizuri lifanywe kabla ya kujaza udongo, kwa sababu mti ukichomekwa baadaye hupasua mizizi.

Mteremko wa Elgoni (Mbale)

Nimetoboa manane leo jioni. Yale yaliyokuwa na dawa nimeyatenga. Kesho natafuta miti na neti ya dirisha.